Mashine ya Melania

Katonga, 24 Februari 2025

Kwa Agape,

Mke wangu Melania amekufa. Alikufa Jumatano tarehe kumi na mbili. Moyo. Tulimzika Ijumaa.

Barua yako imefika kwa dereva wa basi. Ina jina lake. Nimeifungua mimi. Mimi ni mume wake, naitwa Filemoni. Ni kuli hapa Katonga, nabeba magunia ya dagaa.

Umeandika, "Dada Melania, nasubiri kaseti zilizobaki, na usisahau kile kibati cha chini." Sijui kaseti gani. Sijui kibati gani. Unamwita dada. Yeye hana ndugu Dodoma. Wewe ni mwanamke au mwanamume? Jina lako wanaitwa wote.

Nimeuliza jirani. Anasema mke wangu alikuwa anapeleka barua stendi mara kwa mara. Mimi nilikuwa kazini.

Kama mlikuwa na biashara, sema. Kama ni jambo jingine, sema pia. Usizunguke.

Usipige simu. Simu yake imejifunga, namba za kuifungua alijua yeye. Yangu ni ya tochi, na sikio langu moja limeuawa na injini za maboti. Andika.

Filemoni


Dodoma, 1 Machi 2025

Shikamoo Baba Filemoni,

Pole sana. Barua yako niliisoma nikiwa bado pale pale stendi, mpaka dereva akaniuliza kama nimepoteza mzigo.

Mimi ni mwanamke. Ni fundi wa redio na TV, nina banda langu karibu na soko. Nyuma ya banda kuna chumba, na humo nakusanya habari za kompyuta za zamani, zile zilizoingia nchini kabla watu hawajajua hata zinaitwaje. Nyingi zimetupwa, nyingine zimepasuliwa kutolewa shaba. Hakuna aliyeandika zilikuwa za nani na watu walicheza nini. Basi naandika mimi: kila mashine, namba yake, michezo yake, mwenye nayo, na kama bado inawaka.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kusema kidogo redioni. Nikasema namtafuta mtu mwenye kompyuta ya Kijapani ya miaka ya themanini, aina ya MSX. Nilitegemea simu kutoka Dar. Ikaja barua kutoka Katonga yenye maneno mawili: "Ninayo. Inawaka." Chini yake jina, Melania.

Akanieleza kwamba kabla hajaolewa alimpikia Mjapani mmoja aliyekuwa akichunguza samaki wa ziwa lenu, na kwamba jioni yule Mjapani alimfundisha kucheza. Alipoondoka mwaka 1989 akamwachia mashine yake. Tangu barua ile ya mwaka jana tumekuwa tukiandikiana. Kila barua alinieleza kitu kimoja, kilivyo, kina mkwaruzo gani, mchezo wake unaendaje. Tulikuwa tumefika katikati.

Baba, naomba kitu kimoja tu. Usiichomeke ukutani hivi hivi. Umeme wa Japani ni mdogo kuliko wetu. Kuna boksi la chuma, zito, linaitwa transfoma. Plagi ya mashine inaingia kwenye hilo, halafu hilo ndilo linaingia ukutani. Ukikosea, inaungua papo hapo.

Sitaki kukusumbua ukiwa msibani. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza.

Agape


Katonga, 8 Machi 2025

Agape,

Marahaba. Sawa, ni mwanamke. Nilifikiri vingine. Yameisha.

Hiyo mashine naijua kwa kuiona. Tumekaa nayo nyumba moja tangu nimemwoa. Naiita redio ya Mjapani. Sikujua ni kitu cha kuandikwa kwenye kitabu.

Sasa kuna jambo. Tarehe tano Aprili tunaanua matanga. Ndugu zake wanakuja kutoka Kidahwe kugawa vitu vyake. Ukoo wao una utaratibu wake. Mzee anainua kitu, anauliza kazi yake. Sufuria, ya kupikia. Kitenge, cha kuvaa. Kinapata mtu. Kitu ambacho hakuna wa kuonyesha kazi yake hakigawiwi. Kinachomwa pamoja na takataka za msiba. Wanasema kitu kisicho na kazi kikibaki nyumbani kinaita kifo kingine. Walichoma cherehani ya bibi yao. Ilikuwa imekwama tu.

Shemeji yangu Pastory ameshainyanyua transfoma siku ya mazishi. Akasema, "Humu kuna shaba."

Mpaka matanga yaishe siendi kazini. Ndivyo ilivyo kwetu. Nimekaa tu. Kwa hiyo muda ninao. Wewe niambie kila kitu kinaitwaje na kinafanya nini. Mimi nitakuandikia unachotaka.

Nimeanza. Kibati kipo chini ya mashine. Namba nimenakili kwenye karatasi ya pili. Mashine ni nyeusi, ina vitufe kama taipureta. Kimoja kimetoka, amebandika kifuniko cha chupa ya dawa. Juu kuna mdomo.

Kaseti za kuchomeka kwenye mdomo ziko kumi. Zina maandishi ya Kijapani. Nimeyachora kama yalivyo. Usicheke. Kila moja amebandika plasta ya hospitali, juu yake ameandika jina. Mchimba Kisima. Kuku wa Jeshi. Mama Ngazi. Gari Halina Breki. Nyingine ziko kwenye karatasi.

Za tepu ziko tatu. Nimeweka moja kwenye redio. Inalia kama nzige.

Filemoni


Dodoma, 14 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Sikucheka. Nimekaa na michoro yako jioni nzima na imesomeka yote. Mmoja ulichora juu chini, nikageuza karatasi. Hizo za tepu kulia kama nzige ndio uzima wake. Huo ndio mchezo, ila unasomwa na mashine, redio haiujui.

Kwenye daftari langu kila mchezo una majina mawili sasa, la Kijapani na la Melania. La kwake mara nyingi linafaa zaidi. Mama Ngazi kwa Kijapani una jina refu la askari na jumba la mfalme, lakini ukicheza unaona ni mama tu, anapanda ngazi, anaanguka, anapanda tena.

Sasa namna ya kuwasha. Transfoma kwanza, kama nilivyosema. Waya wa kijivu unaingia nyuma ya TV. Melania alisema mna TV ya kichogo, hiyo ndiyo nzuri. Kaseti ichomeke kabla hujawasha, usiichomeke wala kuichomoa mashine ikiwa inawaka. Ukiwasha bila kaseti utaona rangi ya bluu na maandishi meupe. Maana yake ni nzima. Vitufe vyenye mishale ndivyo vya kwendea, kile kirefu cha chini ni cha kurukia. Anza na Gari Halina Breki, ni rahisi.

Halafu kuna hili. Melania aliniandikia kwamba za kuchomeka ni kumi na moja, siyo kumi. Ya kumi na moja aliiita Mvuvi. Ni nyeusi, haina picha. Yule Mjapani aliitengeneza mwenyewe hapo hapo Kigoma, kwa mkono wake: boti, wavu, taa, na samaki wa ziwa lenu. Haikuuzwa dukani. Hizo kumi ziko kwa watu wengine duniani. Mvuvi, kwa ninavyojua, ni hiyo moja.

Tafadhali itafute.

Agape


Katonga, 20 Machi 2025

Agape,

Marahaba. Nimetafuta. Uvunguni, kwenye sanduku la nguo, hata kwenye pipa la unga. Haipo.

Nikaenda kwa Regina. Ni mama wa jumuiya yetu kanisani. Yeye na wenzake ndio walimwosha marehemu.

Nikamuuliza, "Regina, uliona kitu cheusi, kama kiberiti kikubwa?"

"Kile cha rozari?"

"Rozari gani?"

"Si alikuwa amekishika mkononi, Filemoni. Vidole tulivitoa kwa shida. Tukajua kisanduku cha rozari. Tukatikisa, kikagonga ndani. Tukasema mama wa watu asinyang'anywe. Tumemwekea kifuani, chini ya shuka."

Nikamwambia ni mchezo wa kompyuta.

Akashika mdomo. Halafu akauliza, "Sasa hiyo ni dhambi?"

Nikamwambia mimi si padri.

Kwa hiyo iko kaburini.

Mashine nimewasha. Transfoma kwanza. Ikaja bluu na maandishi meupe. Niliangalia hiyo bluu mpaka chai ikapoa. Halafu nikaweka gari. Nikagonga mti. Nikagonga tena. Breki kweli haina.

Filemoni


Dodoma, 26 Machi 2025

Shikamoo Baba Filemoni,

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Nitasema tu, unisamehe baadaye.

Kitu kama kile ni plastiki na bati dogo ndani. Kikiwa ndani ya jeneza, kimefunikwa, kinaweza kukaa kizima kwa miezi. Lakini mvua hizi zikiendelea, maji yataingia na hakutakuwa na namna. Najua ninachouliza ni kizito. Je, kuna utaratibu wowote? Kwa padri, kwa ukoo wake, kwa serikali ya mtaa? Ningekuja mwenyewe, nisimame pembeni, nisiguse chochote mpaka niruhusiwe. Dakika chache tu ningenakili kilichomo, halafu ningekirudisha.

Nimetafuta vitu kama hiki tangu nikiwa msichana. Mtu alikaa hapo kwenu akatengeneza ziwa lenu ndani ya mashine. Melania alikuwa akilijua kwa kichwa. Sasa yeye hayupo, na lenyewe linaoza.

Agape


Katonga, 31 Machi 2025

Agape,

Kaburi halifunguliwi.

Mke wangu alikishika akafa nacho. Ni chake. Unasema usimame pembeni. Pembeni ya nini? Ya mke wangu ametolewa nje kwenye mvua?

Ukiuliza tena siandiki tena, na hiyo mashine waichome.

Umesema kwenye daftari lako kila kitu unaandika kiko kwa nani. Andika kiko na mwenyewe.

Filemoni


Dodoma, 3 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Umenigombeza na nimestahili. Sitauliza tena. Nimeandika hivi: "Mvuvi. Moja. Iko na mwenyewe, Katonga." Nimefunga ukurasa.

Barua hii nimempa dereva mkononi na nimemwomba aifikishe kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna neno nililokuficha tangu mwanzo na si haki uingie kwenye kikao cha wakwe zako bila kulijua.

Mwezi wa kwanza Melania alinipigia simu. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kusikia sauti yake. Akasema moyo unamsumbua, na kwamba siku akiondoka, mashine yote ije kwangu Dodoma, na kaseti zake, na transfoma yake. Nikamuuliza, "Na mzee je?" Akasema, "Nyumbani hakuna mtu wa kuiwasha."

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefiwa juzi tu, na mimi mtu usiyenijua ningeonekana nimekuja kudai urithi. Kisha ukaanza kunichorea yale maandishi, ikawa ngumu zaidi.

Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Nilijua mimi, sasa unajua na wewe. Jumamosi useme utakavyoona.

Agape


Katonga, 7 Aprili 2025

Agape,

Barua yako ilifika Ijumaa jioni.

Hakuna mtu wa kuiwasha. Mimi ni mtu. Chakula cha jioni sikula.

Jumamosi walikuja na Noah mbili. Anayeinua vitu ni baba mdogo wake, Mzee Martini. Walikaa kwenye mikeka nje. Vyombo vikaisha, nguo zikaisha. Akainua mashine.

"Hii kazi yake?"

Pastory akasema, "Taipureta ya yule Mjapani. Imekufa siku nyingi. Tuchome, shaba ibaki."

Nikasema, "Inawaka."

"Inawaka inafanya nini?"

"Inachezwa."

Wakacheka mikeka yote. Esther, mdogo wake marehemu, akasema, "Shemeji, wewe wa kucheza? Siku ya harusi yako wenzako wanacheza, wewe unapanga viti!"

Mzee Martini akasema, "Mwacheni. Utaratibu ni kuonyesha. Aonyeshe."

Nikatoa TV nje, waya nikapitisha dirishani. Umeme ulikuwepo. Nikaweka Mama Ngazi. Kitufe cha chupa ya dawa kinateleza. Mama akapanda ngazi ya kwanza, akaanguka.

Pastory akasema, "Huyo mama amelewa."

Akapanda tena, akaanguka.

"Amelewa huyo, mpelekeni kwao!"

Mara ya tatu nikafika ngazi ya tatu. Akatokea ndege. Esther akapiga kelele, "Ruka! Ndege huyo, shemeji, ruka!" Nikachelewa. Akanisukuma na bega. "Toka hapo. Umemuua dada wa watu."

Akakaa yeye. Ngazi ya nne. Halafu Pastory akataka. Akaanguka ngazi ya kwanza kabisa, hata ndege hakumfikia. Ukoo mzima ukapiga makofi. Wakamwambia, "Na wewe umelewa, mpelekeni kwao!" Akakasirika, akasema vitufe vibovu. Mzee Martini akavaa miwani, akauliza cha kurukia ni kipi. Maharage yakaungua jikoni, hakuna aliyeyakumbuka. Regina alikuja na sahani, akasimama, akafanya ishara ya msalaba, halafu naye akakaa.

Msiba wote sikuwa nimesikia watu wanacheka pale nyumbani.

Mzee Martini akasema, "Kazi yake tumeiona. Apewe nani?"

Esther akainua mkono. Pastory naye sasa anaitaka, mtu aliyetaka kuichoma. Nikasema, "Naomba mimi."

"Mwanamume haombi vitu vya mkewe," Mzee akasema. "Huo siyo utaratibu."

"Naomba hiki kimoja. Vingine chukueni vyote. Hata vile nilivyonunua mimi."

Wakanong'ona. Wakachukua vyote. Kabati wamechukua, sufuria wamechukua, kitanda cha wageni wamechukua. Mashine na kaseti na transfoma wakanipa.

Ulichoniandikia sikuwaambia. Kwa ukoo sasa ni yangu. Nakuambia wewe ujue nimefanya hivyo.

Filemoni


Dodoma, 13 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako kwa mafundi wenzangu hapa bandani, wamecheka mpaka mteja akaondoka. Pole Mzee Pastory.

Baki nayo. Nasema kwa moyo mweupe. Mimi kazi yangu ni kuandika vitu viko wapi, si lazima viwe kwangu. Nimeandika: "Katonga. Inawaka. Inachezwa." Kwenye daftari zima ni mashine chache sana zina neno hilo la mwisho.

Na yale maneno yake, Baba, usiyabebe hivyo. Nimeyafikiria. Simu ilikuwa inakatikakatika. Labda alisema "mzee anarudi amechoka, hakuna mtu wa kuiwasha," na mimi nikasikia nusu. Labda alikuonea huruma tu, hakutaka kukuongezea mzigo. Alipoandika habari za nyumbani alikuwa anakutaja vizuri.

Ukipata nafasi, cheza ile inayoitwa Mchimba Kisima uniambie ina visima vingapi. Melania alisema hakuwahi kuufikia mwisho.

Agape


Katonga, 24 Aprili 2025

Agape,

Marahaba.

Usinitengenezee maneno. Alisema alichosema, na ilikuwa kweli. Alikuwa ananiita, "Njoo uone huyu kuku." Nasema kesho. Kuli akilala amelala. Hakunilaumu, na mimi sikuona kama kuna kitu kimepita. Sasa mtu wa mbali ndiye ananieleza mke wangu alikuwa anajua nini kwa kichwa. Sikukasirikii. Nasema tu ilivyo.

Matanga yameisha, kazini sijaenda. Asubuhi nawasha. Nikiinuka ni kwenda chooni. Juzi Leonardi alikuja, ndiye mnyapara wetu. Akasimama mlangoni.

"Filemoni, msiba si umeisha?"

"Umeisha."

"Sasa?"

"Niko kisima cha sita."

Akaniangalia kama mtu aliyeugua. "Kisima gani? Dagaa zimejaa ufukweni, siku si nyingi ziwa linafungwa, wenzako wanabeba magunia yako, wewe uko kisimani?"

Akaondoka anatikisa kichwa.

Nilipogeuka kwenye TV ndipo nikaona. Sauti nilikuwa nimeipunguza mpaka chini. Yeye alikuwa anapunguza ili mimi nilale. Mimi nimepunguza kwa ajili ya nani? Nikaongeza. Ule muziki wa visima sikuwahi kuusikia vizuri miaka yote hiyo. Ni mzuri. Nikausikiliza mpaka mchimbaji akafa mwenyewe kwa kukaa bure.

Nikazima.

Alikuahidi wewe. Mimi hakuniahidi. Ukoo walinipa kwa sababu nilinyamaza. Kesho yake nikapanda gari mpaka Kidahwe nikawaambia. Pastory akasema, "Kumbe ulituchezea wewe, siyo mashine." Ametukana kidogo. Mzee Martini akamwambia, "Nyamaza, marehemu alishasema." Esther alikuwa ameshawaambia majirani kwamba atakuja kwangu Pasaka kupanda ngazi ya tano, na hakuja. Aliona haya, anasema. Nikamwambia aende Dodoma. Akikufikia mpishe akae.

Nimeifunga kwenye boksi la sabuni na blanketi langu. Kaseti kumi, za tepu tatu, waya wa kijivu. Transfoma nimeweka boksi lake kwa sababu ingezivunja nyingine. Nimebeba mwenyewe toka Katonga mpaka stesheni, moja kichwani, moja begani. Vijana wa mizigo walitaka kupokea, nikawaambia kazi hii naijua. Karani akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia michezo. Akaangalia mvi zangu, akaandika "vifaa vya umeme."

Risiti iko humu ndani ya bahasha. Uende na kitambulisho.

Kwenye daftari mwenye nayo andika Melania. Ukitaka jina langu, andika mbebaji.

Kitu kimoja ulichoomba nakupa. Mchimba Kisima nimefika cha nane. Chini ya cha nane kuna cha tisa, nimekiona mdomo wake, sikuingia. Huko kuna giza na kitu kinang'aa upande wa kulia. Ukifika uniandikie ni nini. Barua nitazisoma jioni, mchana sitakuwepo.

Kesho narudi kazini.

Filemoni